Nimeweka jina la mteja kwenye imeili, mbona bado hajibu?

SWALI: Habari kaka. Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi, tunapandisha wageni mlima Kilimanjaro na wikiendi tunapeleka Watanzania wenzetu kwenye chemchemi za Chemka na maporomoko ya Materuni. Nina imeili za watu kama elfu moja hivi kwenye Mailchimp, ile programu ya kutuma imeili kwa wengi, na namba nyingi tu za WhatsApp, kila mwezi natuma tangazo moja kwa wote. Nikasikia siku hizi inabidi kila mteja umwandikie kivyake, nikaweka majina. Sasa Mailchimp inaniambia wanaofungua ni wengi ila wa kujibu hamna, wengine jina halitokei kabisa inabaki "Hello" na mkato, na WhatsApp nako nikituma brodkasti, yaani ujumbe mmoja kwa wengi, wengi haiwafikii. Nakosea wapi, au ninunue programu nyingine?

JIBU: Habari dada, pole na kazi. Programu usinunue, uliyonayo inatosha kabisa. Ishu ni kwamba umechukua jina la mtu ukaacha kile alichokuuliza, na hicho alichokuuliza ndio chenye hela. Jina lake kila kampuni inalo, akiliona haoni kama umemkumbuka yeye.

Tuseme kuna mgeni aliandika anataka kupanda Agosti, yeye na mama yake, na mama hataki kulala kwenye hema. Wewe wa Moshi ukisoma hiyo tu unajua ni Marangu, maana ndio njia pekee yenye vibanda vya kulala, zingine zote ni hema. Halafu mwezi unaofuata anapata tangazo lako la ofa ya njia ya Lemosho siku 8, hema mwanzo mwisho, jina lake limeandikwa vizuri kabisa pale juu. Ajibu nini sasa? Huyo ungemwandikia hivi kwa Kiingereza chako cha kawaida: kwa Agosti wageni ni wengi kwa hiyo nafasi za vibanda Marangu tuziwahi, na nyie wawili mkichukua siku 6 badala ya 5 mama anapata siku nzima ya kuzoea hewa pale kwenye vibanda vya Horombo, tuwapangie tarehe gani? Aisee hata jina lake ungesahau kuliweka angejibu tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza rudi kwenye inboksi yako, soma walichoandika watu wenyewe. Usianze na wote elfu, utachoka uache njiani, anza na waliouliza mwaka huu. Kwenye orodha yako ongeza safu nne tu: njia anayoitaka, mwezi anaotaka kuja, anakuja na nani, na kama ameshapanda au aliuliza tu. Hiyo ya mwisho watu wengi wanairuka na ndio inayoudhi kuliko zote, mtu ameshafika kileleni Uhuru na wewe, mmepiga picha, cheti amepata, halafu unamtumia tangazo la "njoo upande Kilimanjaro". Huyo muulize kuhusu Serengeti au Zanzibar, au muombe akuandikie maoni yake mtandaoni.

Safu zikishajaa unatengeneza makundi humo humo Mailchimp, wa Agosti wanapata barua yao na wa Januari yao, na hapo ndipo utaona kutuma kila mwezi kwa wote hakuna maana yoyote. Anayetaka Agosti mwandikie mapema, akiwa bado anatafuta tiketi ya ndege. Masika, Machi mpaka Mei, wageni wa mlima wanapungua, huo ndio muda wa kukaa na orodha uisafishe.

Ile "Hello" na mkato inarekebishika haraka. Kile kialama cha *|FNAME|* kinachukua kilichopo kwenye safu ya jina, sasa kama safu iko tupu kinaacha pengo. Ingia kwenye mipangilio ya orodha, kwenye fildi zake kuna sehemu ya kuweka neno litakalotokea jina likikosekana, weka "there" au "traveller". Na cheki majina yenyewe pia, wengine wamejaza kwa herufi kubwa tupu, wengine ukoo umekaa mahali pa jina.

Kuhusu wanaofungua kuwa wengi, namba hiyo usiifurahie sana. Tangu Septemba 2021 Apple waliweka kwenye iOS 15, mfumo wa iPhone, kitu kinachopakua picha za imeili zenyewe hata kama mtu hajaisoma, na Mailchimp inajua imefunguliwa kwa kuangalia picha. Wageni wako wengi lazima wana iPhone. Hesabu wanaojibu na wanaoklik linki basi.

WhatsApp sasa. Brodkasti ya kawaida inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, ndio maana wengi haiwafikii, na orodha moja mwisho watu 256. Dawa yake nzuri ni picha. Mkiwa Chemka kila mtu anataka picha zake akiwa kwenye yale maji, waambie sevuni namba hii ya kampuni, picha zote zinakuja hapa leo jioni. Watasevu wote hapo hapo. Halafu tumia WhatsApp Business ina lebo, mpe kila mtu lebo yake.

Na hapa usikisie, waulize. Pamoja na zile picha tuma swali moja: tukupe taarifa za nini, 1 Chemka na Materuni, 2 mlima, 3 mbuga, 4 msinitumie. Mtu akichagua mwenyewe hawezi kukublock kirahisi, ila heshimu alichochagua, aliyeandika 1 usimletee bei ya mlima kwa dola. Na wa 4 mtoe siku hiyo hiyo.

Kitu kimoja nakuomba sana. Fomu zako za mlima zina mambo ya afya, nani ana pumu, nani ana presha. Hayo yasiingie kabisa kwenye orodha ya matangazo, hata kama unaona yangekusaidia kumwandikia mtu vizuri zaidi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi 1 Mei 2023 na ina Tume yake, na wageni wa Ulaya wana sheria yao ya taarifa binafsi, GDPR, tangu 2018. Lakini hata sheria isingekuwepo, mtu alikuambia ana pumu ili mwongozaji wake mlimani ajue, basi.

Kujua kama inafanya kazi, chukua waliouliza Marangu wagawe nusu kwa nusu bila kuchagua, nusu watumie tangazo lako la zamani na nusu barua mpya, siku moja na saa moja. Baada ya wiki hesabu wangapi kila upande wameuliza tarehe au bei. Wakiwa wachache rudia na wa njia ya Machame kabla hujaamua.