Kupiga Picha Daraja la Golden Gate na Kulivuka kwa Gari

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi mjini Kisumu, na machweo ya ufuo wa Dunga ziwani nimeyapiga mara nyingi kiasi kwamba nilidhani hakuna maji wala mwanga wa kunisumbua. Mwezi wa Julai nilimtembelea dada yangu mdogo anayeishi Oakland, California, na siku ya kwanza tu tulikwenda San Francisco kuliona Daraja la Golden Gate, nikarudi bila picha hata moja ya kumwonyesha mtu. Kwa kuwa watu kadhaa wa hapa wenye ndugu huko wameniuliza nilikosea wapi, nitaeleza: nilitaka kuendesha gari na kupiga picha kwa safari moja.

Darajani hapasimamishwi gari. Kuna leni sita, mwendo hautakiwi kuzidi maili 45 kwa saa, yaani kama kilomita 72, na dereva aliye nyuma yako hana habari kwamba wewe ni mgeni. Kwa sisi tuliozoea kushika kushoto kazi huwa mara mbili, kwa maana huko hushika kulia na usukani uko kushoto, nilijikuta nikisogea kulia kila mara, hadi dada akapaza sauti, "Kaka, unatoka kwenye leni!" Katikati pana kizuizi kilichowekwa mwaka 2015 ambacho huhamishwa na mashine kufuatana na wingi wa magari, hivyo leni za upande wako asubuhi huenda zisilingane na za jioni. Picha ambazo dada alizipiga kwa simu kupitia kioo cha mbele zilionyesha dashibodi vizuri kuliko minara.

Tatizo la pili lilikuwa ukungu. Bahari ya Pasifiki katika pwani ile ni baridi hata wakati wa kiangazi, ilhali mabonde ya bara huwaka joto. Hewa ya bara ikipaa, ile ya bahari yenye unyevu huvutwa ndani kupitia mlango mwembamba wa bahari ambao daraja limeuvuka. Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa sana, kwani upepo wa ziwa letu huanza mchana kwa sababu hiyo hiyo, isipokuwa wetu hauji na pazia. Anayeweza kuchagua aende Septemba au Oktoba. Aliyefungwa na likizo ya Julai, kama mimi, asubiri saa za kuelekea adhuhuri, na avae sweta.

Siku ya tatu tulijipanga upya. Tulivuka kuelekea kaskazini bila mtu yeyote kugusa kamera, tukatoka barabara kuu kwa njia ya Alexander, tukapita chini yake na kupanda mlima hadi Battery Spencer, ngome ya zamani iliyo mlimani karibu na mnara wa kaskazini. Maegesho yake ni madogo mno, na tulizunguka karibu nusu saa kabla ya kupata nafasi. Ukiwa pale unalitazama daraja kutoka juu na jiji likiwa nyuma yake, na jua la alasiri hulipiga kutoka magharibi. Minara ina urefu wa mita 227 kutoka majini, kwa hiyo imelipita jengo la Britam la Nairobi lenye mita 200, na siku hiyo ukungu ulikuwa umefunika barabara yote ukaacha vichwa vya minara peke yake. Hapo ujuzi wa harusi ulinifaa, kwa sababu kamera huudhania weupe wa ukungu kuwa ni mwanga uliozidi, kama inavyolidhania gauni jeupe la bibi harusi, ikaupaka kijivu. Niliongeza mwangaza kwa hatua moja, yaani mara mbili, na ile rangi ya machungwa, ambayo msanifu Irving Morrow aliipendekeza wakati Jeshi la Majini likitaka mistari myeusi na ya manjano, ikajitokeza bila mimi kuichezea kwenye kompyuta.

Ada hulipwa unaporudi kusini tu, wala hakuna wa kupokea pesa taslimu tangu mwaka 2013. Kamera husoma nambari ya gari. Kama gari ni la kukodi, uliza mapema malipo yatakatwaje, maana kampuni niliyokodi iliongeza gharama yake ya huduma ambayo hakuna aliyenitajia, na nilikuja kuiona nikiwa nimesharudi Kisumu.

Kisha acha gari upande wa kusini utembee. Kutembea darajani ni bure. Kati ya mnara na mnara ni mita 1,280, umbali ambao hakuna daraja la kuning'inia lililoupita tangu 1937 hadi 1964, na lori likipita unausikia mtikisiko kwenye nyayo. Futa lenzi kila baada ya dakika chache, kwa sababu unyevu huganda juu yake bila kuonekana. Kabla ya kuanza kutembea, angalia kipande cha kebo kuu kilichowekwa kwenye uwanja wa wageni hapo kusini: kina upana wa sentimita 92 hivi, na ndani yake nyaya 27,572 zimebanwa pamoja. Nilikipiga picha kwa karibu, nikaining'iniza studio. Wateja wengi hudhani ni sega la nyuki.