Akikosa ibada, je, huyo ni mtoro?

SWALI: Mimi ni naibu mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya umma inayofadhiliwa na kanisa, hapa magharibi mwa Kenya. Tuna wanafunzi wa bweni na wa kutwa. Kanuni zetu zinasema anayekosa ibada au masomo mara tatu atatumwa nyumbani wiki mbili. Muhula huu kuna Wasabato wasiokuja masomo ya Jumamosi, kuna Waislamu wawili wasioingia kanisani, na kuna watoro wa kawaida, hasa wa kutwa. Wajumbe wa bodi wanataka wote waadhibiwe sawa, na kasisi wetu anasema shule ya Kikristo haiwezi kuacha fimbo kwa kuwa Mithali 13:24 iko wazi. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, hapo umetaja makundi matatu na mmeyapima kwa kipimo kimoja. Mtoro halisi ni kundi moja tu.

Anza na rejista. Rejista ya mahudhurio ni hati ya masomo. Inaonyesha nani alikuwa darasani na nani hakuwepo siku ambayo masomo rasmi yalikuwepo. Ibada haimo humo. Kama shule inataka kujua nani alihudhuria ibada, kasisi awe na daftari lake, na daftari hilo lisitumike kumnyima mtoto darasa. Kwa shule ya umma, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, imeeleza kazi ya mfadhili: kuwakilishwa katika bodi, kushauri na kusimamia malezi ya kiroho, kuleta kasisi kwa gharama yake, na yote hayo huku imani za wanafunzi wa madhehebu mengine zikilindwa. Wafadhili wengi hukariri sehemu ya kwanza wakaisahau hiyo ya mwisho.

Waislamu wenu wawili basi si kesi ya nidhamu. Ibara ya 32 ya Katiba inasema mtu asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake, na asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya dini. Wapeni mahali pa kukaa na mwalimu wa kuwaangalia wakati wa ibada, maktaba kwa mfano, ili wasizurure. Shule ina haki kamili ya kudai wawe mahali panapojulikana, kimya, kwa muda uleule. Huo ni utaratibu wa shule, na kumwekea mtoto mipaka ya mahali na muda si kumlazimisha kusali.

Wasabato nao. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kesi iliyoletwa na Kanisa la Waadventista Wasabato dhidi ya Wizara ya Elimu, ikasema shule zinapaswa kuwapa wanafunzi wao nafasi ya kuitunza Sabato tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Bodi yenu isome hukumu hiyo kabla ya kupiga kura. Halafu kuna swali ambalo naona hamjajiuliza: hayo masomo ya Jumamosi ni ya nani? Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka saa rasmi za masomo kuwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri. Mtoto hawezi kuandikwa mtoro kwa kipindi ambacho hakimo katika ratiba rasmi. Mnaweza kuwaomba Wasabato wafidie kazi hiyo Jumapili. Wengi wao hukubali bila ubishi, na wakikubali, mwalimu wa somo naye ajitokeze siku hiyo.

Sasa watoro wenyewe. Hapa ndipo nguvu zenu ziende, maana ndipo sheria inapowadai. Mwanafunzi asipofika, mwalimu mkuu anatakiwa achunguze sababu. Isipokuwepo sababu ya maana, amwandikie mzazi ilani, na taarifa ipelekwe kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mzazi anayepuuza kumpeleka mtoto shule anaweza kushtakiwa. Nimepitia rejista za shule nyingi na kasoro ninayoikuta mara kwa mara ni ileile: alama moja ya kutokuwepo kwa kila kitu. Aliyelazwa hospitali, aliyefukuzwa karo, aliyesimamishwa kwa adhabu na aliyejificha sokoni, wote wana alama moja. Mwisho wa muhula hesabu inasema mtoto amekosa siku nyingi, bodi inakasirika, kumbe nusu ya siku hizo shule yenyewe ndiyo iliyomtoa langoni.

Mwalimu wa darasa atumie herufi tofauti: M kwa mgonjwa, R kwa ruhusa, K kwa karo, A kwa adhabu, na B kwa bila sababu. Rejista iitwe mara mbili, asubuhi na baada ya chakula cha mchana, kwa sababu wa kutwa wengi hutoroka mchana. B ya kwanza, mzazi apigiwe simu siku hiyohiyo, si Ijumaa. Zikirudiwa, mwalimu wa ushauri nasaha amwite mwanafunzi, kisha mzazi aje, kisha ilani ya maandishi. Na tazama siku zenyewe zinavyojipanga. B za siku ya soko zina maana yake, B za msimu wa kuchuma majani chai zina maana yake, na msichana anayekosa siku tatu nne kila mwezi anahitaji taulo za hedhi kabla hajahitaji barua yoyote.

Ile kanuni ya kumtuma mtoro nyumbani wiki mbili ifuteni. Mtu ametoroka siku tatu, mnamwongezea siku kumi za kukosa masomo, tena kwa muhuri wa shule! Adhabu ya mtoro imrudishe kwenye kazi aliyoikosa: abaki baada ya masomo chini ya uangalizi amalize mazoezi, apoteze nafasi ya michezo Ijumaa, atie sahihi kwa mwalimu wa zamu kila kipindi kwa wiki kadhaa. Kufyeka nyasi wakati wenzake wako darasani ni kumkosesha somo mara ya pili.

Kosa likiwa zito kiasi cha kufikiria kumsimamisha, zingatieni utaratibu: tuhuma kwa maandishi, siku ya kusikilizwa, mzazi awepo, mtoto aongee, na mtu aandike alichosema. Ibara ya 47 ya Katiba inadai uamuzi wa haki, na mahakama zimebatilisha uamuzi wa shule kwa kukosa hatua hizo hata pale kosa lilipokuwa dhahiri. Kumfukuza kabisa si mamlaka ya bodi yenu peke yake. Suala hilo hupelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Kuhusu fimbo, jibu ni fupi. Ilipigwa marufuku mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kimeifanya kuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hakuna msamaha kwa shule ya kanisa, iwe ya umma au ya binafsi, wala mzazi akisema “mchapeni tu” hajampa mwalimu kinga yoyote. Kasisi ananukuu Mithali, ila atakayesimama kizimbani na mbele ya TSC, tume inayoajiri walimu, ni mwalimu aliyeshika fimbo. Mwambie hivyo kwa heshima, ana kwa ana, kabla ya mkutano.

Kwenye kanuni mpya andikeni hivi, au kwa maneno yanayofanana: “Kila mwanafunzi atahudhuria masomo rasmi. Ibada ya shule iko wazi kwa wote. Ambaye imani yake haimruhusu ataleta barua ya mzazi na atakaa mahali palipotengwa.” Bodi ikishapitisha, wazazi wasaini nakala, na zile barua za wiki mbili ambazo hazijatolewa zibaki kwenye droo yako.