Akikujibu Kiingereza, Endelea na Kiitaliano

Dada mmoja anayekuja kusoma Padova, huku Italia, ameniandikia: “Kaka, nikiingia baa kule nitaagizaje kinywaji bila kuchekwa?” Amenikuta nina majivuno. Wiki iliyopita, hapa Milano, niliagiza Negroni, kile kinywaji chekundu cha pombe, na mhudumu hakunigeuzia Kiingereza. Aliniuliza kwa Kiitaliano kama nitakaa ndani au nje, akaendelea kukata chungwa lake. Nilikaa nje, wapita njia wanione.

Kiitaliano nilikiokota Malindi, ufukweni, kwa watalii. Kule ukisema “ciao” umeshapata rafiki. Huku Italia nikifungua mdomo tu, jibu Kiingereza. Kuna mmoja alinijibu hivyo huku akimkonyeza mwenzake, na mimi nilikuwa nimetamka sawasawa! Siwafichi, bado linaniuma.

Sasa sikiliza. Ciao waachie marafiki zako. Ingia na “buonasera”, yaani habari za jioni, mtazame mtu usoni, ngoja aitikie. Halafu: “Vorrei un Negroni, per favore”, yaani ningependa Negroni, tafadhali. Basi, usiongeze maelezo. Akileta Kiingereza, wewe endelea na Kiitaliano chako, taratibu, bila kununa.

Na ujue unachoagiza. Negroni ni jini, Campari (kileo chekundu kichungu) na vermouth nyekundu (divai yenye viungo), vyote kwa kipimo sawa, na ni chungu kama shubiri. Wenye moyo mwepesi waagize Sbagliato, iliyopata umaarufu Bar Basso, hapahapa Milano: jini inatolewa, inaingia divai ya mapovu. Hunywi pombe? Sema “analcolico”, yaani kisicho na pombe, au taja Crodino, ambacho hakina pombe, moja kwa moja. Hakuna atakayekushangaa.

Nenda kuanzia saa kumi na mbili jioni, wakati wa aperitivo, yaani kinywaji cha kabla ya chakula cha jioni, kinywaji kije na zeituni na viazi vya kukaanga vya kutafuna. Ukisimama kaunta mara nyingi utalipa kidogo kuliko aliyeketi mezani.

Lakini buonasera kwanza, narudia. Wapo ndugu zetu wamekaa huku miaka na miaka, mpaka leo wanaagiza kwa kunyoosha kidole kwenye menyu, kisha wanalalamika kwamba Waitaliano hawawaheshimu. Lugha ya watu huijui, na salamu pia huna?

Wewe dada, ukifika Padova anza na spritz, divai ya mapovu iliyochanganywa na kileo cha rangi ya chungwa kiitwacho Aperol. Aperol yenyewe ilizinduliwa huko mwaka 1919, kwa hiyo uko kwao hasa. “Vorrei uno spritz, per favore.” Na simu ibaki mfukoni, usimsomeshe mhudumu tafsiri ya Google.