Afande mstaafu kugombea ubunge: anaruhusiwa

Ndugu, umeuliza kama yule afande aliyestaafu, sasa ana duka la vifaa vya ujenzi, anaruhusiwa kugombea ubunge hapa Uganda, na kama cheo kitambeba.

Anaruhusiwa, mradi awe na barua yake ya kustaafu. Anayebanwa ni askari aliye kazini, maana Katiba ya 1995 inataka jeshi lisiwe na chama, na jeshi lenyewe, UPDF, lina wabunge wake 10. Yeye anahitaji kuwa raia, awe kwenye daftari la wapiga kura, awe na cheti cha kidato cha sita au kinacholingana nacho. Hapo kwenye cheti ndipo wengi hukwama, hasa walioingia msituni kupigana wakiwa vijana. Ada ya kugombea ni shilingi milioni 3, na hairudi.

Kuhusu cheo, usikitegemee sana. Mugisha Muntu alikuwa mkuu wa jeshi, Tumukunde alikuwa luteni jenerali; mwaka 2021 wote wawili waligombea urais na hakuna aliyefikisha hata asilimia 1. Ubunge ni wa jimboni, sawa, lakini mimi naona duka litamsaidia kuliko nyota za begani. Fundi aliyewahi kukopeshwa simenti naye anakumbuka. Shida ni kwamba kampeni ikianza, kila mtu atataka mabati ya bure, na wanaodaiwa watasahau madeni yao.

Na Kiswahili chake cha kambini akipunguze kidogo. Bibi zetu huku bado wakikisikia hukumbuka ukatili wa wanajeshi wa zamani, hufunga milango.