Jibu: Kwa nini sura zilezile Hammer na Amicus?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Hammer na Amicus, kampuni mbili za filamu, zigombee soko moja la filamu za kutisha Uingereza huku sura za waigizaji ni zilezile. Msanii alikuwa huru kufanya kazi kwingine, na watazamaji walishawapenda Peter Cushing na Christopher Lee tangu Hammer iwakutanishe mwaka 1957. Amicus ingewaachaje? Tazama Dr. Terror's House of Horrors ya Amicus, 1965: Cushing ndani ya behewa anachanganya karata za kutabiria, Lee kakaa humohumo anambeza, na baadaye mkono uliokatika unamwandama hadi garini. Napenda sana kipande kile! Hata mwongozaji, Freddie Francis, alikuwa ameongoza The Evil of Frankenstein ya Hammer, 1964. Mwongozaji mwingine, Roy Ward Baker, naye aliongoza kote kuwili.