Mama haigizi mkuu, kuna kumbukumbu ambayo mwenyewe hajui kama anayo

Mkuu pole sana na mama. Umeuliza inakuwaje tangu apate stroku hakumbuki hata kama amekunywa chai, afu ukili anasuka safi kabisa, na yule dada anayekuja kumchoma sindano anamnunia toka mlangoni huku anaapa hajawahi kumwona, na ndugu zako wanasema anaigiza. Haigizi. Mi nimemuuguza mzee wangu mwenye ugonjwa wa kusahau, na maneno hayo hayo ya kuigiza yalisemwa sana kwetu, ndo maana nikaanza kusoma haya mambo.

Ishu ni kwamba kumbukumbu sio kitu kimoja. Ipo ile unayoweza kukaa ukaisimulia, jana nilienda wapi, fulani kaniambia nini. Na ipo nyingine inayojionesha kwenye vitendo tu, mwenyewe hana habari nayo. Ugonjwa unaweza ukaibomoa ya kwanza ukaiacha ya pili imesimama.

Mtu aliyewafumbua macho wataalamu ni Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa opareshoni ya ubongo kutibu kifafa, wakamtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili karibu na masikio. Kuanzia hapo jambo jipya likawa halikai, unaongea nae, unatoka, ukirudi anakusalimia kama mgeni. Sasa mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku anauangalia mkono wake kwenye kioo tu, jaribu uone ilivyo ngumu, mkono unaenda kinyume. Siku tatu mfululizo makosa yakawa yanapungua na kupungua, na kila siku jamaa anasema hajawahi kufanya kitu kama hicho maishani. Mkono umejifunza, mwenyewe hajui!

Na hiyo ya mama kumnunia dada wa sindano, hiyo ni ya zamani zaidi hata. Kule Geneva, daktari Édouard Claparède aliandika mwaka 1911 habari za mgonjwa wake mama mmoja asiyekumbuka chochote kipya. Siku moja akaficha pini mkononi, akampa mkono, akamchoma. Baadae yule mama akagoma kumpa mkono, na akiulizwa kwa nini hasemi ulinichoma, anasema tu kwamba wapo watu wanaoficha pini. Ni mgonjwa mmoja na jaribio moja, tena siku hizi usingeruhusiwa kumfanyia mtu hivyo, lakini ukimsoma utamwona mama yako palepale.

Sasa wanapimaje kitu ambacho mwenyewe hajui anacho? Wanaacha kumuuliza. Kuna jaribio la mwaka 1984 la watafiti Graf, Squire na Mandler nalipenda kuliko yote. Unamsomesha mtu orodha ya maneno, tuseme limo "mkeka", baadae unampa mwanzo tu, "mke-", amalizie. Ukimwambia kumbuka neno ulilosoma muda ule, mgonjwa wa kusahau anaachwa mbali na watu wenye afya. Ila ukimwambia taja neno lolote linalokujia kwanza, anawafikia, maneno ya orodha yanamtoka mdomoni bila kujua yametoka wapi. Karatasi ni ile ile, umebadilisha agizo tu. Kwa hiyo kila mkimwuliza mama "unakumbuka?" mnagonga mlango ule ulioharibika.

Mzee wangu alikuwa fundi cherehani. Jina langu lilimpotea, lakini ukimpa suruali anaipinda, uzi umenyooka. Sawa, hiyo ni kazi ya miaka yote. Kilichonishangaza ni tulipohamia nyumba nyingine, choo kipo upande mwingine kabisa, na tukakubaliana hakuna kumwuliza "choo kiko wapi?" wala kumwacha abahatishe, kila safari anashikwa mkono njia ile ile. Ikafika mahali ukimwuliza anasema sijui, mi mgeni hapa, afu anainuka anaenda mwenyewe mpaka mlangoni. Watafiti Baddeley na Wilson wa Uingereza walionesha mwaka 1994 kwamba watu wenye shida hii wanajifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea, maana hii kumbukumbu ya chini kwa chini haichagui, kosa nalo inalihifadhi, na mtu hana ile nyingine ya kumwambia hapana jana ulikosea hapa.



Kuhusu yule dada wa sindano, kule Iowa, Marekani, mwaka 2010 watafiti waliwaonesha wagonjwa wa aina hii filamu za huzuni na za furaha, filamu wakazisahau lakini hisia zikabaki. Kwa hiyo mwambie dada awe anakuja na siku zisizo na sindano, akae, ashike ukili asuke nae, apige stori. Na siku ya sindano asianze na sindano akiingia tu. Mama akibadilika ghafla, kuchanganyikiwa au kulegea upande mmoja, hiyo ni hospitali moja kwa moja, usisubiri ushauri wa humu.