Kilio kimepasuka: je, kinatengenezeka?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Tukuyu, natengeneza filamu yangu ya kwanza, fupi, kuhusu siku mama alipofariki. Anayeigiza ni mama mdogo, mdogo wake marehemu kabisa. Tunashuti kwa simu, na maiki ndogo za kubana kwenye nguo, zisizo na waya. Sini ya kupokea taarifa tuliifanya ndani, nyumba ya bati, mvua inanyesha. Mama mdogo alilia kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwenye filamu, lakini nilipovaa hedifoni nikakuta sauti yote imepasuka, inakwaruza kama redio mbovu. Rafiki anayenisaidia kuhariri anasema tuzime sauti tuweke kinanda. Je, kuna programu ya kutengeneza hiyo sauti? Kama hakuna, tukirudia nipange vipi maiki? Mdogo wangu wa kiume alikuwa jiko la nje, lile la nyasi, anachukua video ya kumbukumbu kwa simu yake, ila hiyo ni ya kujifurahisha tu. Na dakika 27 bado ni filamu fupi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana hapo nyumbani.

Programu zipo, na mimi ninazo. Kazi yake ni kukisia. Sauti ya kidijitali ina dari yake, desibeli 0 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Ikigonga pale, kilele cha wimbi kinakatwa bapa kama nyasi zilizopitiwa na fyekeo, na kilichokatwa hakikuandikwa popote. Neno moja likigonga dari kidogo, programu inaangalia wimbi lilivyokuwa kabla na baada, inabuni kilele kinachofanana, na msikilizaji hashtuki. Lakini kilio kilichokatwa mwanzo hadi mwisho hakina kabla wala baada. Utapata mtu analia ndani ya pipa.

Jambo moja tu uliangalie kwanza. Baadhi ya maiki hizi hujirekodia zenyewe nakala ya pili iliyo chini kwa desibeli kadhaa. Fungua menyu ya yako. Ukiikuta nakala hiyo, tatizo limekwisha. Usipoikuta, ujue sauti huenda ilipasukia kwenye transmita, kile kidude cha kurushia sauti alichovaa mama mdogo, kabla haijafika kwenye simu, kwa hiyo kupunguza sauti kwenye simu kusingesaidia.

Sasa la kurudia. Usirudie.

Mwaka mmoja nilishika bumu, ile fimbo ndefu ya maiki, huko Makete, mwezi wa Julai, baridi ya kuua vidole. Mwongozaji, mtu mwema tu, alitaka mwigizaji amlilie mtoto aliyefariki. Mara ya kwanza pikipiki ikapita. Mara ya pili kosa lilikuwa langu, betri iliisha. Ya tano akamwambia, "Mkumbuke wa kwako." Yule mama alikuwa naye, wa kwake. Alilia vizuri mno, sauti yangu ilikuwa safi, tukasema kata, na yeye akaendelea. Siku ile hatukushuti tena. Ile sauti safi ninayo mpaka leo na sijawahi kuifungua.

Mama mdogo wako alikulilia dada yake, mara moja, mbele ya kamera. Ukimrudisha pale kwa sababu ya maiki, ama atakupa kilio cha kuigiza, ambacho utakichukia, ama atakupa cha kweli tena, na hicho sijui utamlipa nini. Hata sasa, mwulize analalaje. Akiwa halali, au anashtukashtuka na wiki zinapita, mpelekeni kituo cha afya aongee na mtu anayejua kazi hiyo. Kwa sini zilizobaki, ukisema kata mwite kwa jina lake, si la filamu, avue khanga ya sini, anawe uso, na awepo mtu mmoja asiye na kazi yoyote ila kukaa naye.

Halafu soma tena ulichoandika kuhusu mdogo wako wa kiume. Mvua juu ya nyasi haigongi kama juu ya bati. Simu yake ilikuwa mbali, ukuta na uwanja viko katikati. Sauti za juu, zile kali, ndizo zinazofifia zaidi zikikutana na ukuta, nzito zinapenya. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba, bila kukusudia, amenasa kilio kizima, hakijapasuka, kimepungua makali tu. Maneno huenda hayasikiki, na huyahitaji.

Sisi wa huku tunakijua kilio hicho cha mbali. Uko kwenye migomba au unasonga ugali, unasikia mtu upande wa pili wa bonde, mwiko unasimama, unajiuliza ni kwa nani. Jina linakuja baadaye. Lakini filamu zetu nyingi zinatupeleka moja kwa moja kwenye uso wa anayelia, kamera imemganda, tunakaa pale mpaka tunaanza kuchunguza wanja wake.

Mimi ningeikata hivi. Nianze jikoni na binti, yaani wewe wa kwenye filamu. Kama huna picha hiyo, ishuti kesho, haimhusu mama mdogo: mkono, sufuria, mvuke, mwiko unasimama. Chini yake weka kilio cha simu ya mdogo wako. Kaa hapo sekunde 12, hata 15, zaidi ya unavyothubutu. Ndipo uingie ndani kwenye ile picha yako nzuri ya mama mdogo, ila sauti usiibadilishe. Tumwone kwa karibu, tumsikie kwa mbali.

Kuoanisha mdomo na sauti, fuata pumzi: pale mabega yanapopanda, kilio kinakatika. Usihofu umbali. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, hivyo mita 10 zinaichelewesha sehemu 29 za elfu ya sekunde, wakati fremu moja, yaani picha moja ya video, ukishuti fremu 25 kwa sekunde, ni sehemu 40. Jicho haliwezi kuona. Kinachosumbua ni simu mbili kutokwenda sawa: kagua mwanzo wa klipu na mwisho wake, ukikuta zimepishana, kata kwenye pumzi usogeze.

Usidhani nakupa dawa ya mtu aliyekosa vifaa. Mwaka 2015 Charlotte Wells, binti wa Scotland, akiwa bado mwanafunzi, alitoa filamu ya dakika 11 inayoitwa Tuesday. Msichana wa miaka 16 anakwenda nyumbani kwa baba yake kama afanyavyo kila Jumanne. Baba hayupo, na hakuna anayetutangazia kifo. Tunakaa na binti na nyumba ile. Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia, hapo ng'ambo ya Tunduma, naye alianzia kwenye filamu fupi. Katika filamu yake ndefu ya 2024, On Becoming a Guinea Fowl, amemweka katikati ya msiba binti asiyelia, na ndugu wanamgombeza kwa hilo. Macho yake makavu ndiyo yanayotufanya tuanze kuuliza huyo marehemu alimfanyia nini. Wote wawili wangeweza kutuonyesha mtu anagaagaa chini. Hawakuona haja.

Kinanda kikatae. Rafiki yako ana nia njema, anaziba tundu, lakini kinanda juu ya uso unaolia ni kumshika mtazamaji shingo.

Kwa sini zilizobaki, haya ya maiki. Mvua ya juu ya bati inajaa chumba kizima, usogeze maiki usisogeze. Sauti ya mtu ndiyo inayobadilika: kila ukipunguza umbali kwa nusu, inapanda kama desibeli 6. Kutoka mita 1 mpaka sentimita 25 umepunguza nusu mara mbili, umepata desibeli 12 juu ya mvua, bure. Mazungumzo ya kawaida yaache vilele viguse kama -12, yaani desibeli 12 chini ya ile dari. Kwenye sini ya kupaza sauti, mwombe mwigizaji apige yowe moja kabla, la kuita mtu bondeni tu, si la kulia, uweke hilo kwenye -12 na minong'ono ibaki chini. Cha chini kinapandishwa baadaye. Zima pia ule mfumo wa simu au maiki wa kujipandishia sauti wenyewe, maana mtu akinyamaza unaivuta mvua juu, akiongea unaishusha, na mvua inaanza kupumua kama mgonjwa.

Kusubiri Tukuyu ikauke ni kazi. Mvua ya huko inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Panda juu ya bati, eneo la chumba mnachoshuti tu, utandaze majani makavu ya migomba yawe mazito, uyafunge kwa kamba. Tone linavunjika kabla ya kugonga. Ndani, kama hakuna dari, tundika mablanketi. Na kila mkimaliza sini, watu wote wabaki chumbani, hakuna kusogea, rekodi mvua peke yake dakika 2. Mvua hubadilika kati ya shoti na shoti, na bila kitandiko hicho kila mkato utasikika kama mlango umefunguliwa.

Dakika 27 ni fupi, ndiyo. Hata Oscar wanahesabu fupi mpaka dakika 40, majina ya mwisho yakiwemo. Ila mpangaji wa tamasha anaipatia nafasi ya dakika 12 kirahisi kuliko ya 27, na kwa ulivyoieleza, nadhani yako ina dakika 14 ndani yake. Suala la kibali cha Bodi ya Filamu anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mapema. Sheria Na. 4 ya 1976 inadai kibali cha kushuti na inadai filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani.

Ukishaipanga sini ile, nitumie hiyo tu, na faili la mdogo wako likiwa pembeni, halijaguswa. Lakini wa kwanza kuisikia awe mama mdogo. Asikilize akiwa amekaa karibu na mlango, mchana, na wewe uwe naye. Akisema itoke, itoke.